Telomerasi: kuizima ni rahisi, kungoja ndiyo kazi

Kila seli inapogawanyika, ncha za kromosomu zake, yaani telomea, hupungua kwa jozi za besi (herufi za DNA) 50 hadi 100 hivi. Zikifupika mno, seli hukoma kugawanyika au hufa. Saratani nyingi, takriban asilimia 85 hadi 90, hukwepa hilo kwa kuwasha telomerasi, kimeng'enya kinachoongeza herufi TTAGGG kwenye ncha, tena na tena. Basi izime, saratani ife.

Hebu tupige hesabu. Tuseme seli ya uvimbe ina telomea za jozi 5,000, na hatari inaanzia 2,000. Hata telomerasi ikizimwa kabisa leo, zipo 3,000 za kuliwa kwanza: migawanyiko 30 kwa uchache. Seli moja ikigawanyika mara 30 bila yoyote kufa, huzaa zaidi ya bilioni moja. Uvimbe unaokua haraka haukupi nafasi hiyo, na ukisitisha dawa njiani, telomea huanza kurefushwa upya.

Sishangai kwamba imetelstat, dawa ya kuzuia telomerasi iliyoidhinishwa Marekani Juni 2024, haikupata kibali kwa uvimbe, bali kwa sindromu ya mayelodisplasia, ugonjwa ambapo uboho hushindwa kutengeneza seli za damu vizuri, kwa wagonjwa wanaotegemea kuongezewa damu. Ni mnyororo mfupi wa nyukleotidi 13 unaoziba kiolezo cha RNA cha telomerasi, yaani sehemu inayonakili herufi kutoka kwake, ukiwa na mkia wa mafuta wa kuusaidia kupenya seli. Dozi ni miligramu 7.1 kwa kilo, kwa dripu ya saa 2, kila wiki 4. Kabla yake mgonjwa hupewa difenhidramini na haidrokotisoni, dawa za kupunguza mwitikio wa mwili kwa dripu.

Kinachokwamisha ni uboho, maana seli zake changa nazo hutumia telomerasi. Neutrofili (seli nyeupe za kupambana na maambukizi) na chembe sahani (za kugandisha damu) hushuka, kwa hiyo damu hupimwa kila wiki katika mizunguko miwili ya kwanza. Zikishuka sana, dozi huahirishwa. Tatizo likijirudia hupunguzwa hadi miligramu 5.6 kwa kilo, kisha 4.4. Dozi 6 zikipita bila haja ya kuongezewa damu kupungua, dawa huachwa.

Mimi navutiwa zaidi na 6-thio-dG, dawa inayofanana na herufi ya DNA, ambayo bado inajaribiwa. Hiyo haizimi kitu: telomerasi yenyewe huipachika kwenye telomea ikidhani ni herufi ya kawaida, na ncha huharibika papo hapo, bila kungoja zifupike. Lakini uvimbe unaorefusha telomea kwa kunakili kutoka kromosomu nyingine hauna telomerasi ya kuhadaa.