Kabati langu la vyombo halianguki ng'o

"Shem, matetemeko ni ya Bukoba, huku tuna mlima tu." Ndivyo alivyonijibu shemeji nilipomwomba drili nifunge kabati la vyombo ukutani, lisituangukie tetemeko likija. Kana kwamba Meru uliota wenyewe kama uyoga! Ni volkano, na sisi wa Sakina, hapa Arusha, tunalala miguuni pake. Julai 2007 ardhi ilitetemeka mfululizo upande wa mlima Gelai, kaskazini mwetu, kubwa kuliko yote likafika ukubwa wa 5.9, Arusha tulilisikia, na Nairobi pia. Septemba mlima Lengai, volkano jirani ya Gelai, ukalipuka. La Bukoba la Septemba 2016 nalo lilikuwa 5.9, ila lile lilitokea karibu na mji wenye watu.

Basi nikaita fundi. Kaja na misumari ya zege na maneno mengi. Wa kwanza ukabandua lipu kipande cha ukubwa wa sinia. Wa pili ukapinda. Akasema ukuta wangu una kiburi, akachukua elfu kumi na kitu, akaondoka.

Dawa niliipata kijiweni. Nilimwona kijana wa bodaboda akifunga kreti za soda kwa mipira ya baiskeli iliyochanwa, nikasema, ehee! Nikanunua vipande kwake, bei ya chai. Kabati nikalisogeza kando ya dirisha, nikalifunga juu, kushoto na kulia, kwenye nondo za dirisha zilizochimbiwa ukutani. Nikatoa vyombo vyote, nikawaita wanangu: sukumeni! Walisukuma hadi wakatoka jasho. Kabati linainama kidogo, linarudi. Shemeji mwenyewe akajaribu kwa bega, akanyamaza. Sahani za udongo ziko chini, sufuria juu. Mtungi wa gesi nao nimeufunga.

Wengine watakwambia ukimbie nje au usimame mlangoni. Mlango wa siku hizi una nguvu gani? Na mbio ndizo zinazokupeleka kwenye matofali yanayodondoka. Wanangu wanaingia chini ya meza ya mninga, wanashika mguu wake mpaka mtikisiko uishe, ndipo tunatoka uwanjani, mbali na kuta na nyaya za umeme. Juzi niliwapigia kelele "Tetemeko!" katikati ya taarifa ya habari. Watoto walikuwa chini ya meza mara moja. Baba yao nilimkuta getini na sahani ya ugali mkononi.

Limebaki tanki la maji. Lita 1,000 ni tani nzima, na mnara wake umesimama nyuma ya chumba cha watoto. Nimewahamishia sebuleni mpaka nipate fundi mwingine, asiye na misumari.