Tunguja za Raheli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii Mwanzo 30 imenikalia moyoni. Raheli anaziona tunguja za Reubeni, dawa ya uzazi ya siku zile, anazipata kwa dada yake Lea, mama yake Reubeni, kwa bei ya usiku mmoja na mume wao Yakobo. Aliyetwaa dawa hakushika mimba. Aliyeitoa ndiye aliyemzaa Isakari. Raheli akangoja hadi mstari wa 22, Mungu alipomkumbuka.

Majani ya dawa hayana dhambi. Isaya mwenyewe aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia. Ila mirija ya uzazi iliyoziba kwa makovu ya magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia haizibuliwi kwa kikombe cha mizizi. Kujiosha ukeni kwa dawa za "kusafisha kizazi" huvuruga bakteria walinzi, maambukizi yakapata njia ya kupanda juu. Na mwarobaini tunaouchemshia kila ugonjwa? Mafuta ya mbegu zake huua mbegu za kiume.

Sasa akina baba, mnivumilie. Mkeo yuko kwenye chupa ya tatu ya dawa ya mizizi, chungu kama shubiri, mawifi wanamhesabia miezi, na wewe hujapimwa hata mara moja! Unasema uko sawa kwa kuwa nguvu unazo. Nguvu si mbegu, ndugu yangu. Mtu anaweza kuwa na nguvu tele na asiwe na mbegu hata moja.

Kipimo cha mbegu hakiumi. Kaa bila tendo siku 2 hadi 7. Toa shahawa zote kwenye kikopo cha maabara, si kwenye kondomu ya dukani, maana vilainishi vyake huharibu mbegu. Kama unatolea nyumbani, kifiche ndani ya shati kisipoe, kifike ndani ya saa 1. Tone la kwanza kutoka likimwagika, waambie maabara. Humo ndimo mbegu zilimo kwa wingi. Majibu yakiwa mabaya, rudia baadaye: homa kali ya majuma yaliyopita hushusha idadi, na mbegu huchukua karibu miezi 3 kutengenezwa. Kwa hiyo anayekuahidi kuzijaza kwa siku 7 anakuuzia maji.

Mkifika miezi 12 bila mimba, au 6 kama mama ana miaka 35 na zaidi, nendeni wawili. Na ile chupa ya chini ya kitanda mwende nayo, daktari aione kabla hajaandika dawa zake.