Siku moja maishani mwangu: kufanya kioo kipitishe umeme

Saa moja na nusu asubuhi nashuka kituo cha mwisho cha treni ya U6, Garching, kaskazini ya Munich. Chumba chetu cha leza hakina dirisha.

Saa mbili navaa miwani ya kinga na kuvua saa, maana chuma king'aacho huweza kurudisha mwali machoni. Mpaka saa tano ni kulenga vioo vya kuakisi tu: mwali upite katikati ya neli yenye gesi ya neoni, upanuke rangi, kisha ubanwe. Leo mpigo, yaani mmweko mmoja mfupi wa leza, umeshuka chini ya femtosekunde 4. Ukigawa sekunde vipande bilioni, na kila kipande ukakigawa tena vipande milioni, kimoja ndicho femtosekunde.

Saa sita naweka sampuli: silika, yaani kioo safi, ambacho kwa kawaida ni kihami, hakipitishi umeme; juu yake vibamba viwili vya dhahabu vilivyoachana nanomita 50 hivi. Betri hakuna. Elektroni za silika zinahitaji elektronivolti 9 hivi (kipimo cha nishati) kujinasua, na fotoni zetu, chembe za mwanga, zina 1.7 tu. Lakini uga wa umeme wa mpigo ukiwa mkali sana hukaribia nguvu inayozifunga elektroni kwenye atomi, na mwanga wenyewe ndio unaozisukuma. Kundi la mwanafizikia Ferenc Krausz, hapa hapa Garching, lilitangaza mwaka 2013 kwamba upitishaji umeme wa silika uliongezeka zaidi ya mara bilioni bilioni ndani ya femtosekunde 1. Nimeisoma makala ile mara nyingi, na bado hunisisimua.

Saa nane naongeza nguvu ya leza kidogo kidogo. Juzi nilizidisha, dhahabu ikayeyuka, kazi ya wiki ikaishia hapo.

Saa kumi na robo, mkondo wa umeme unaonekana. Nasogeza kabari ya kioo iliyo njiani mwa mwali, unene unaongezeka kwa kiasi kisichofikia unywele, na mkondo unageuka: uliokuwa ukienda kulia sasa unakwenda kushoto. Kilele cha wimbi kimehama, elektroni zimetii. Narudia mara sita.

Saa mbili usiku nampigia baba. Amekuwa fundi wa laini za umeme miaka mingi, na vikombe vya kauri vya nguzoni, vinavyozuia umeme usipite, anavijua kuliko mimi.

"Shikamoo baba. Leo kioo kimepitisha umeme."

"Marahaba. Kihami kikishapitisha, kwetu ni cha kutupa. Hicho chako kinarudi kuwa kihami?"

"Kinarudi, baba. Mpigo ukipita tu, kinakuwa kihami tena."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimweleze tangu mwanzo.