Bendi Iliyokataa Solo

Wiki hii yote nimekuwa nikisikiliza albamu moja tu, Entertainment!, iliyotolewa Septemba 1979 na Gang of Four, bendi ya roki ya mji wa Leeds, Uingereza, na kila ninapoirudia masikio yangu hukimbilia pale wapigaji wanaponyamaza. Mimi nimelelewa na muziki wa dansi, ambamo gitaa la solo lina zamu yake na kila msikilizaji anaijua: waimbaji wakishapumzika, mpiga solo husogea mbele na wenzake wote humfanyia kazi yeye. Katika santuri hii ya vijana wa Leeds zamu hiyo inafika, mahali pake panasikika kabisa, kisha mpiga gitaa wao, Andy Gill, anaacha kupiga. Besi na ngoma zinaendelea bila yeye, na uwazi aliouacha haujazwi na mtu. Gill mwenyewe aliwahi kueleza kwamba jambo hilo lilikuwa la makusudi na kwamba walichokitaka kilikuwa kinyume cha solo.

Historia ya Gang of Four husimuliwa mno kwa upande wa maneno yake. Husemwa kwamba walikuwa wanafunzi wa mrengo wa kushoto walioimba juu ya bidhaa, starehe, mapenzi na vita, na kwamba hiyo ndiyo siasa yao. Sikatai, lakini naona kwamba siasa yao ya kweli ilikuwa katika namna walivyogawana sauti, na kwamba bendi ilianza kufa siku mgawanyo huo ulipovunjika, ingawa maneno ya nyimbo yalibaki makali kama mwanzo.

Gill na mwimbaji Jon King walifahamiana tangu shuleni Sevenoaks, katika jimbo la Kent, wakaenda pamoja kusomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Leeds. Idara yao ilikuja kuongozwa na T. J. Clark, mwanahistoria wa sanaa aliyewahi kuwa miongoni mwa wanamapinduzi wa Situationist International, kundi la wasanii na wanafikra wa Ulaya waliopinga ubepari, na hapo walijifunza kuuliza kila picha imetengenezwa kwa faida ya nani. Mwaka 1976 walikwenda New York, wakashinda katika klabu ya CBGB wakiwatazama vijana waliokuwa wakianzisha muziki mpya bila kungoja ruhusa ya mtu. Waliporudi wakaungana na Hugo Burnham, mpiga drams aliyekuwa mwanafunzi mwenzao, na baadaye wakampata mpiga besi Dave Allen kwa njia ya tangazo. Jina walilitoa kwenye habari za China za wakati huo, za mjane wa Mao, Jiang Qing, na wenzake watatu, walioitwa Genge la Wanne, waliokamatwa Oktoba 1976. Nadhani lilikuwa jina la utani zaidi kuliko tamko la imani, maana sijasikia wimbo wao hata mmoja unaomsifu mtu yeyote wa Beijing.

Leeds ya miaka ile haikuwa mahali pa kuzungumzia siasa kwa starehe. Viwanda vilikuwa vikififia, na chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa kikitafuta wafuasi mitaani na hata katika kumbi za muziki, ambako ngumi zilirushwa zaidi ya mara moja. Gang of Four walijiunga na harakati ya Rock Against Racism, wakapiga katika maonyesho yake, na pembeni yao wakakua Mekons na Delta 5, bendi za marafiki waliotoka chuo kilekile. Mekons walianza kwa kuazima vyombo vya Gang of Four, kwa kuwa hawakuwa na vyao.

Kuhusu sauti yenyewe naweza kuandika hadi asubuhi. Gill alipenda amplifaya za transista badala ya zile za vali, kwa sababu vali huipa sauti ya gitaa joto na unene, naye aliitaka baridi, kavu na yenye kukwaruza. Hakupiga nota ndefu za kulia. Alikata mapigo mafupi, mara mbili, mara tatu, kisha kimya. Katika hilo alikuwa amejifunza kwa Wilko Johnson wa bendi ya Dr. Feelgood, ambaye gitaa lake lilikuwa ngoma yenye nyuzi, na pia kwa rege ya Jamaika, hasa ile ya dabu ambayo fundi wa studio huondoa chombo kimoja baada ya kingine hadi msikilizaji ajue kila kimoja kilikuwa kikifanya kazi gani. Allen alikuwa fundi kuliko wenzake alipojiunga, na ilibidi ashawishiwe apunguze nota. Burnham naye aliepuka mapigo ya kawaida ya roki, na midundo ya nyimbo ilijengwa kwa mabishano, pigo kwa pigo. Matokeo yake ni kwamba besi ndiyo inayobeba wimbo, drams zinajibizana nayo, gitaa linachoma kutoka pembeni, na sauti ya King inapita katikati bila kupewa kiti cha enzi. Ukitoa chochote katika "Not Great Men" wimbo unaanguka. Albamu ile iliandikwa kwa majina ya wote wanne, nami nikiisikiliza naamini kwamba hiyo haikuwa heshima ya karatasi tu.

Hata sauti za waimbaji ziligawanywa. Katika "Anthrax" spika moja inatoa King akiimba juu ya mapenzi kama ugonjwa wa kimeta, na nyingine inatoa Gill akizungumza kwa utulivu wa mtangazaji juu ya sababu zinazofanya bendi nyingi ziimbe mapenzi, na kwa nini wao wana mashaka na jambo hilo. Huwezi kuwasikiliza wote wawili kwa wakati mmoja. Lazima uchague, na ukichagua umekosa kitu. Katika "Ether" King na Gill wanapokezana mistari, mmoja akitaja raha za nyumbani, mwingine mateso ya wafungwa katika Ireland ya Kaskazini, hadi wimbo unafikia mafuta yanayodhaniwa kuwa chini ya Rockall, mwamba ulio peke yake katika bahari ya Atlantiki. Mwalimu wa siasa angehitaji saa nzima kuyaunganisha mambo hayo.

Kabla ya albamu walikuwa wametoa santuri ndogo, Damaged Goods, mwaka 1978, chini ya lebo ya Fast Product ya Edinburgh. Walimwandikia mwenye lebo barua ya kueleza jalada walilolitaka, lenye picha ya mpigana na fahali, naye akaichapisha barua yenyewe nyuma ya jalada. Baada ya hapo wakasaini na EMI, kampuni kubwa kabisa, na wapo waliowaita wasaliti. Mimi sioni usaliti, kwa kuwa waliimba juu ya soko wakiwa ndani ya soko, na hawakudai kwamba wao wako nje. Jambo lililofuata ndilo linaloonyesha mpaka wao ulikuwa wapi. Wimbo "At Home He's a Tourist" ulipoanza kupanda, walialikwa katika Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, nafasi iliyoweza kumtajirisha mtu. Watayarishaji hawakutaka neno la mtaani linalomaanisha kondomu, lililokuwamo katika wimbo. Bendi ikakubali kubadilisha, ikapendekeza neno jingine, lakini BBC ikataka neno lake yenyewe, ambalo lingeficha kwamba palikuwa na mabadiliko. Wakaondoka. Miaka mitatu baadaye, wakati wa vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falklands, BBC iliacha kuupiga "I Love a Man in a Uniform", wimbo uliokuwa ukielekea kuwa mkubwa kuliko yote waliyokuwa nayo.

Lakini wakati huo bendi ilikuwa imeshaanza kuwa bendi nyingine. Allen aliondoka mwaka 1981, katikati ya ziara ya Marekani, akaenda kuanzisha bendi ya Shriekback. Nafasi yake ikashikwa na Sara Lee, mpiga besi hodari, na albamu ya Songs of the Free ya mwaka 1982 ina nyimbo nzuri, ila tayari masikio yanaelekezwa mbele, kwa waimbaji. Kisha Burnham akaondolewa, na Hard ya mwaka 1983 ikatengenezwa Florida kwa mashine ya ngoma. Nimejaribu kuipenda albamu hiyo, nimeshindwa. Kila kitu kimejazwa, hakuna pa kupumua, na mashine haina uwezo wa kumbishia mpiga gitaa. Mwaka 1984 wakavunjika. Mwaka huohuo Gill alitayarisha albamu ya kwanza ya Red Hot Chili Peppers, vijana wa Marekani waliompenda kupita kiasi na waliokwaruzana naye kila siku studioni.

Miaka ya tisini nairuka. Wanne wale walirudiana mwaka 2004, na mwaka uliofuata wakatoa Return the Gift, ambamo walizirekodi upya nyimbo zao za zamani ili wawe na rekodi zilizo mali yao. Jukwaani King alikuwa akiponda tanuri la maikrowevu kwa gongo, na kishindo chake kilikuwa sehemu ya mdundo wa "He'd Send in the Army". Baadaye "Natural's Not in It", wimbo unaouliza mtu afanye nini na starehe aliyouziwa, ulitumika katika tangazo la Kinect, kifaa cha Microsoft cha kuchezea michezo ya video. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika. Mimi nilijiuliza kama bendi iliyosaini na EMI kwa macho makavu ingeweza kumlalamikia mtu.

Gill aliendelea na jina hilo hata wote watatu wa mwanzo walipoondoka, akafariki Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 64. Dave Allen alifariki Aprili 2025. Mengi niliyoyasoma juu ya Gill yalimwita mpiga gitaa aliyebadilisha roki, na ni kweli, lakini albamu alizozitoa akiwa na wapigaji wa kukodi zinanionyesha kwamba kunyamaza kwake kulikuwa na maana pale tu palipokuwa na Allen na Burnham wa kuushika wimbo. Mwaka 2020 Run the Jewels, wanarap wawili wa Marekani, waliichukua "Ether" wakaitumia katika "The Ground Below", na nafurahi kwamba walipoikata hawakulitenga gitaa na ngoma zake.