Sufuria ya watu watatu

Nyumba ya watu watatu haina kazi na sufuria ya hitma. Leo Jumamosi nimeshusha vyombo vyote vilivyokuwa juu ya kabati la jikoni, nikavitandaza sakafuni, na kwa kila kimoja nikajiuliza: mara ya mwisho kilipikia nini, na kilichobaki kilikwenda wapi? Jibu la swali la pili, mara nyingi, lilikuwa kiroba cha taka.

Vingi nilivinunua nyumba ikiwa imejaa: watoto, wadogo zake mume wangu waliokuja mjini kusoma, dada wa kazi. Sasa binti mkubwa ameolewa, wa pili yuko chuo Dodoma, tumebaki mimi, baba yao na mtoto wa kaka yangu. Matumbo yamepungua, sufuria hazijapungua.

Sufuria kubwa ina tabia ya kudai. Ukiweka nyanya tatu zinapotelea humo, unaongeza mbili. Maji unamimina mpaka yafunike nyama, na kwa kuwa kitako ni kipana, hayo maji ni mengi. Mchuzi unakuwa mwepesi, unakuna nazi ya pili ili uwe mzito. Hapo umeshapika chakula cha watu saba na hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana nasema upotevu wa chakula kwangu unaanzia kwenye chombo, kabla hata ya friji.

Mama mkwe ana hoja yake, na ni nzito: "Mwanangu, mgeni akija utampa nini?" Simbishii, maana hata mimi nimelelewa hivyo, chakula cha kupimwa ni aibu. Ila mgeni wa Dar siku hizi anapiga simu akiwa Ubungo, na kwa foleni ilivyo, mpaka afike Tabata nimeshapika wali mwingine na kukaanga mayai juu yake. Yale masufuria mawili makubwa hata hivyo sijayauza. Mtaa mzima unajua yako kwangu, kila kwenye shughuli yanaazimwa, na huko ndiko kwao.

Zamani nilidhani wanaomwaga chakula ni mahoteli na kumbi za harusi. Ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema chakula kilichotupwa duniani mwaka 2022 kilifikia tani bilioni 1.05, na kama asilimia 60 yake kilitoka majumbani. Jikoni, basi. Kwa hapa Dar safari ya kiroba hicho inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, mchuzi wangu ukiwa umechanganyika na maganda ya ndizi na nepi za watu.

Baada ya kutandaza vyombo nikapanda daladala kwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kutafuta kimoja tu: chombo cha kuungia mchuzi wa watu watatu. Muuzaji akaanza na wimbo wao, "Chukua seti dada'angu, ukinunua mojamoja unaumia." Seti maana yake mbili utakazopikia na nyingine zote za kukaa juu ya kabati. Ndiko nilikotoka huko.

Nilikuwa na vipimo vyangu. Kwanza uzito wa kitako. Unashika sufuria kwa mikono miwili, ukihisi uzito wote uko kwenye kuta na chini ni kwepesi, iache. Pili unaiweka juu ya kioo cha kaunta na kuisukuma kidogo kwa kidole. Ikicheza au ikizunguka, kitako kimebinuka, na mafuta yatakimbilia upande mmoja. Tatu upana. Hapa lazima ujue moto wa nyumbani kwako. Sisi tulihama mkaa, tuko kwenye gesi ya plati mbili. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko, na mimi naunga mkono kwa miguu yote, mapafu yangu yanashukuru. Ila kuna jambo halisemwi: vyombo vya mkaa si vyombo vya gesi. Mkaa unatandaza joto chini ya kitako chote. Plati ya gesi inachoma duara dogo katikati, kwa hiyo sufuria pana na nyembamba ya alumini inakuunguzia kitunguu saumu katikati huku cha pembeni bado kibichi. Kilichoungua kinatia uchungu mchuzi wote, na mchuzi mchungu hauliki.

Kuhusu alumini niseme kidogo zaidi. Ile ya kiwandani, nene, sina ugomvi nayo. Inapata moto haraka na kwa wali inatoa ukoko mzuri ambao stili haitoi hata ukiisihi. Ninayoikwepa ni ile ya kusubu, yaani ya kuyeyusha mabaki ya chuma na kuyamimina kwenye kalibu, ambayo ndani yake kuna kila kitu, hadi vipande vya injini. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima vyombo vya alumini kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, na baadhi vikakutwa vinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Vitu vichachu ndivyo vinavyoila alumini, na mchuzi wetu umejaa uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Hata kwa sufuria nzuri, mchuzi wa ukwaju haulali ndani ya alumini kwangu.

Kikaango kisichoshika nilikiangalia pia. Samaki hakatiki, hakuna kinachobaki chini, huo nao ni upotevu uliookolewa. Lakini mimi huanza kwa kukaanga viungo vikavu, na kile kitu hakitakiwi kiwekwe kitupu kwenye moto mkali wala kiguswe kijiko cha chuma. Nikamwacha nacho. Nikachukua chombo cha stili chenye kitako kinene cha tabaka, upana sentimita 24, kuta fupi, mkono mmoja. Bei ilinifanya nivute pumzi, tukaomboleza wote wawili, yeye na mimi, akapunguza kidogo.

Jioni nimekijaribu kwa nyama nusu kilo. Mafuta, kitunguu kikaanza kubadilika rangi sawasawa, katikati na pembeni. Kitunguu saumu na tangawizi, halafu bizari na manjano kwa sekunde chache tu kabla ya nyanya. Upana ndipo ulipofanya kazi hapa: kwenye sufuria ya kuta ndefu maji ya nyanya yanapanda mvuke na kurudi, unachemsha badala ya kukaanga. Kwenye hiki yalitoka, rojo likashikana, na mafuta yakajitenga pembeni, mekundu ya bizari. Nyama niliyokuwa nimeshaichemsha ikaingia, supu yake kidogo, basi. Hakukuwa na nafasi ya maji ya ziada hata ningetaka. Rojo lililong'ang'ania chini nililivua kwa supu hiyohiyo na mwiko wa mti.

Samaki wa nazi atabaki kwenye chungu, hilo halina mjadala. Udongo unapokea joto taratibu, na tui zito likiingia mwishoni halishtuki likakatika. Kwenye gesi nakianza kwa moto mdogo kabisa, na chini naweka kipande cha bati ili ndimi za moto zisikiguse moja kwa moja.

Fungu la nyanya gengeni nalo halijui kama mko watatu. Zinazozidi nitazipika siku hiyohiyo na vitunguu mpaka zikauke, zipoe, zigande kwenye vifuko vidogo. Tui lililozidi nalo hivyohivyo, na machicha ni ya kuku wa jirani.

Kiporo hakina kosa. Mchuzi wa nyama ukilala ndiyo viungo vinaingia, na wali wa jana kwa chai ya rangi sina haja ya kuutetea. Anayenisumbua ni nazi. Mchuzi wa nazi wa mchana ukisahaulika mezani kwenye joto letu, jioni una vipovu pembeni na harufu unayoijua. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, isizidi saa moja. Wali unataka umakini zaidi ya watu wanavyodhani. Kuna bakteria ambao vijimbegu vyake havifi kwa kuchemshwa, wakiachwa kwenye vuguvugu wanazaana, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupasha. Kwa hiyo kinachobaki nakimwaga kwenye bakuli pana na fupi kipoe upesi, ndipo kiingie kwenye friji. Umeme ukikatika usiku kucha, cha nazi hakionjwi, kinatupwa. Hapo sina huruma, hospitali ni ghali kuliko nazi.

Usiku huu kimebaki kipande kimoja cha nyama na rojo la kuchovya chapati, kesho asubuhi baba yao atakimaliza kabla sijaamka. Kilichonishinda ni mfuniko. Chombo kimekuja bila, na muuzaji aliapa upo akalete "stoo", akarudi mikono mitupu. Nimekifunika kwa sinia la bati, linatosha ila linateleza. Jumatatu nikipita Kariakoo nitapima kwa kamba, maana mifuniko ya kule haina namba.