Rafiki yako akijifungua njiti huku ugenini

Huku ughaibuni mtu akijifungua, sisi marafiki ndio mama mkwe, ndio shangazi, ndio somo. Hilo tumelizoea. Mtoto akija kwa wakati wake kazi inajulikana: uji wa pilipili manga, supu, maji ya moto ya kumkanda mzazi, na zamu za kubeba mtoto ili mama apate usingizi. Akizaliwa njiti, utaratibu wote huo unavurugika, maana mtoto hayupo nyumbani na mama naye hakai nyumbani. Watu wanabaki wameshika simu, hawajui waanzie wapi. Nawaandikia hao, kutokana na tuliyopitia hapa Leicester, Uingereza, na rafiki zetu, mtu na mkewe, wenyeji wa Tanga kama mimi.

Binti yao alizaliwa Oktoba 2025, mimba ikiwa na wiki 27, gramu 980. Kwa hesabu za madaktari, mtoto yeyote anayezaliwa kabla wiki 37 hazijatimia ni njiti, lakini njiti wanatofautiana sana. Wa wiki 35 huenda akahitaji joto na usaidizi wa kunyonya kwa siku chache tu. Wa wiki 27 mapafu hayajakomaa, na ubongo wenyewe husahau kumwamuru avute pumzi, ndiyo sababu hupewa dawa ya kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja hawezi bado. Uwezo huo huanza kuja kwenye wiki ya 32 hadi ya 34. Kwa hiyo madaktari huwaambia wazazi wajiandae kukaa hospitali mpaka karibu na tarehe waliyokuwa wametajiwa tangu mwanzo. Kwa huyu ilikuwa Januari.

Shika hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayopanga msaada. Wiki ya kwanza watu walifurika, friji ikajaa mpaka chakula kikaharibika. Ilipofika wiki ya tano kila mtu alikuwa amerudi kwenye shifti zake, na wazazi wale walikuwa hata nusu ya safari hawajafika. Tukakaa, familia chache tunaoaminiana, tukagawana siku mpaka Januari. Ukiwa na nguvu ya siku moja tu kwa wiki, itoe hiyo moja, lakini itoe mpaka mwisho.

Jambo la kwanza kabisa, mpe mzazi hongera yake. Watu walimjia na pole tupu, nyuso zimekunjamana, mpaka akaniambia, "Dada, mimi nimezaa, lakini hakuna aliyeniambia hongera." Nilimkumbatia, nikampigia kigelegele palepale kwenye korido, wauguzi wakageuka. Alicheka huku analia. Pole ina nafasi yake, lakini binti amezaliwa, ana jina, na babake alimwadhinia kwa sauti ya chini kupitia kidirisha cha inkubeta, mkono ameutia ndani ameutuliza kichwani mwa mtoto. Wauguzi walimfundisha kwamba njiti hapapaswi wala hasuguliwi, ngozi yake haivumilii. Unamwekea kiganja kimoja kichwani na kingine miguuni, unatulia. Unampelekea mama zawadi kama unavyompelekea mzazi yeyote: kanga, mafuta mazuri, kofia ndogo ya sufi ukiipata ya kipimo chake.

Halafu chakula, na hapa nitakaa kidogo. Mama wa njiti anakamua maziwa kwa mashine mara nane hadi kumi kwa saa ishirini na nne, usiku pia, kwa sababu asipokamua yanakauka, na kwa mtoto wa namna ile maziwa ya mama ni kinga ya matumbo na maambukizi. Siku ya kwanza ilitoka dang'a kidogo tu, matone ya manjano kwenye bomba la sindano la mililita moja, na muuguzi akayapaka ndani ya shavu la mtoto kama hazina. Mama anayeishi hivyo hana muda wa kukaa na sahani ya wali. Mpelekee chakula cha kuliwa kwa mkono mmoja: chapati iliyokunjwa na maini ndani, katlesi, mayai ya kuchemsha, vitumbua. Weka kwenye vyombo vya kutupa, asibebe bakuli la mtu la kuosha na kurudisha. Wodini hakuliwi, kuna chumba cha wazazi chenye friji, kwa hiyo andika jina na tarehe juu yake. Na chupa ya maji kubwa, maana kukamua kunaleta kiu.

Kwa sisi Waislamu wa pwani lilikuja pia suala la maziwa ya benki. Siku zile za mwanzo, maziwa ya mama hayajatosha, hospitali waliomba ruhusa wampe mtoto maziwa yaliyochangwa na akina mama wengine, yaliyopimwa na kupashwa moto ili kuua vijidudu. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba kunyonyeshwa mara tano na mwanamke kunamfanya mtoto kuwa wake, na wanawe kuwa ndugu zake wasiooleka. Maziwa ya benki hujui ni ya nani. Mama alishikwa na hofu mbili kwa pamoja, ya mtoto na ya dini. Hapo rafiki hatakiwi kutoa fatwa. Tulichofanya ni kumwomba muuguzi amwite imamu wa hospitali, maana hospitali kubwa za huku zina maimamu walioajiriwa, akaja akakaa na wazazi faragha, wakaamua wenyewe. Sisi hatukuuliza waliamua nini, na nawaomba nanyi msiulize.

Simu za nyumbani ni mzigo wa peke yake. Wanauliza kwa mapenzi, najua. Amefika kilo ngapi? Mbona hamtumi picha? Mbona jana mlisema katolewa mashine na leo karudishwa? Hali ya njiti hupanda na kushuka. Kurudishiwa mashine ya kumsaidia kupumua ni jambo la kawaida, lakini Tanga ilifika kama msiba. Na kuna ule usemi kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa minane hufa. Si kweli hata kidogo. Kila wiki anayokaa tumboni inamwongezea nafasi, na wa minane ana nguvu kuliko wa saba. Tukakubaliana awepo msemaji mmoja, nikawa mimi. Kila usiku baba mtoto ananipa maneno mawili matatu, nami natuma sauti kwenye kundi la familia, na wao wanajua wasiwapigie wazazi. Bibi yake mtoto ndiye aliyekuwa mgumu, mpaka nilipompa kazi: akika ya siku ya saba ilisimamiwa na yeye, huko huko Tanga, akachinja, akaita majirani, akasoma dua. Baada ya hapo alitulia.

Huyo huyo bibi alishtuka kusikia Wazungu wanamvua mwanawe shati na kumlaza mtoto kifuani. Nikamweleza kwamba si mambo ya Wazungu. Njia ya kangaruu, yaani mtoto kulazwa kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, inkubeta zilipokuwa hazitoshi, na utafiti uliotolewa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na kwetu Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa asilimia 25. Kesho yake wanawake wote wa mtaa wake walikuwa na habari hiyo.

Sasa baba. Kila mtu anauliza hali ya mama. Huyu bwana alirudi ghalani kupakia mizigo baada ya wiki mbili, anatoka kazini saa nne usiku anapitia wodini, analala saa saba. Hakuna aliyemwambia haki yake. Kwa England, Scotland na Wales, mtoto aliyezaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2025, akilazwa ndani ya siku 28 za mwanzo na akakaa siku saba mfululizo au zaidi, humpa kila mzazi aliyeajiriwa likizo ya ziada, wiki kwa wiki, hadi wiki 12. Haki ya likizo inaanza siku ya kwanza ya kazi. Malipo yana masharti yake: wiki 26 za kufanya kazi kwa mwajiri na kiwango fulani cha mshahara. Kwa mama ni muhimu vilevile, kwa kuwa likizo yake ya uzazi huanza kukatwa siku inayofuata kujifungua, na miezi ya wodini huila. Mume wangu alikaa na baba mtoto jioni moja wakaandika barua kwa mwajiri. Alikuwa hajaandikisha hata kizazi, na kwa England siku ni 42, mtoto awe nyumbani au hospitali. Wakapanga miadi hiyo nayo. Nyumbani pia mambo yanasogea: Doris Mollel, mwanzilishi wa taasisi ya kusaidia njiti Tanzania, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, amepigania kwa miaka mama wa njiti waongezewe likizo, na sheria ya kazi ya Tanzania imerekebishwa kwa ajili hiyo.

Yule mtoto wao mkubwa, wa miaka mitano, tulimwachia ratiba yake ilivyokuwa: shule, chuo cha Kurani jioni, kuoga, hadithi. Alipouliza kama mdogo wake atakufa, nilimwambia madaktari wanafanya kazi kubwa na sisi tunaomba Mungu. Sikumwahidi.

Walitoka hospitali katikati ya Januari, na hapa ndipo watu huona kazi imekwisha. Kabla ya kuruhusiwa walifundishwa kumpulizia mtoto pumzi ikikatika. Hebu fikiria unalala vipi na elimu hiyo kichwani. Ni majira ya virusi vya RSV, vinavyoshika mapafu ya vichanga. Chanjo ya mjamzito huku hutolewa kuanzia wiki ya 28, mama huyu alijifungua kabla haijafika, ila waliozaliwa kabla ya wiki 32 hupewa sindano yao wenyewe. Hata hivyo mwenye mafua asiende, na asiye na mafua anawe mikono na asimbusu mtoto. Chanjo za kawaida zinafuata tarehe aliyozaliwa kweli, lakini kukaa, kutambaa na kutembea pimeni kwa tarehe aliyotarajiwa, mpaka afike kama miaka miwili. Msimlinganishe na mtoto wa fulani mbele ya mama yake.

Zamu zetu bado zinaendelea. Jumatano naingia saa mbili asubuhi nikitoka shifti ya usiku, nafua, napika, mama analala mpaka adhuhuri. Wiki ijayo ana kliniki ya macho, nitampeleka mimi.