Siku moja kliniki Kisumu: dawa ni rahisi, mwenzi ndiye kazi

Saa moja na nusu asubuhi. Bodaboda inanitoa Manyatta hadi langoni. Mimi ni afisa wa kliniki, lakini wagonjwa huniita daktari na nimechoka kubisha. Foleni tayari imejaa "malaria". Huku ziwani malaria ni ya kweli, ila ndiyo pia kisingizio cha kila mwenye shida ya sehemu za siri. Mlango ukifungwa tu, malaria inapona. (Hawa ninaowasimulia nimewabadilisha kidogo, wasitambulike.)

Saa mbili na nusu. Makanga wa matatu za Ahero. Usaha unamtoka na kukojoa kunamchoma. Kwa kisonono, dalili za mwanaume huanza mara nyingi kati ya siku 2 na 7. Ameshanunua vidonge vichache vya ciprofloxacin kwa chemisti, dawa ambayo kisonono kimeizoea zamani. Namdunga ceftriaxone, kisha nampa doxycycline asubuhi na jioni kwa siku 7 kwa ajili ya klamidia, maana magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja.

"Daktari, nifungie na ya mpenzi wangu nimpelekee."

"Omera, sindano haifungwi kwenye karatasi."

Namwandikia kikaratasi cha mwenzi. Hakina jina la ugonjwa, ni namba tu. Tena namwambia hakuna ngono mpaka wote wawili wamalize dawa na wiki ipite. Anacheka. Sijui anacheka nini.

Saa nne. Naitwa kliniki ya wajawazito. Tone moja la damu ya kidole hupima HIV na kaswende kwa pamoja, na majibu hutoka kabla mtu hajamaliza soga na jirani yake. Mama mmoja ana kaswende, na hajawahi kuhisi chochote. Ndivyo ilivyo: kidonda cha mwanzo hakiumi, kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani kabisa, kisha hupona chenyewe. Ugonjwa unabaki na unaweza kumuua mtoto tumboni. Dawa ni benzathine penicillin, yuniti milioni 2.4, nusu kila tako. Kwa kuwa hatujui ameishi nayo muda gani, atadungwa mara moja kwa wiki, wiki tatu. Nimemuuliza kwanza kama penisilini humdhuru, na namtahadharisha kwamba leo usiku homa inaweza kupanda kidogo.

Sindano inauma, lakini anacholilia si hicho. "Mume wangu atauliza nimeitoa wapi." Namwambia ukweli: kaswende hukaa mwilini miaka bila kujionyesha, na kipimo hakisemi nani alianza. Tunakubaliana aje naye wiki ijayo, nimweleze mimi.

Saa saba. Ugali na omena kwa mama wa langoni. Mwenzangu anarudia hoja yake kwamba watu wangepewa tu doxycycline ya kumeza baada ya ngono. Utafiti wa jambo hilo ulifanyika hapa hapa Kisumu, kwa wanawake 449, na matokeo yakachapishwa 2023: maambukizi hayakupungua vya maana. Nywele zao zilipopimwa kuona kama walimeza, nyingi hazikuwa na dawa. Kumpa mtu kidonge si kukimeza.

Mchana unaenda mbio. Trikomonasi, vimelea vya zinaa; dawa yake metronidazole, na onyo la pombe. Mwanafunzi mwenye malengelenge ya hepesi sehemu za siri, yanayouma sana. Aciclovir itamfupishia mateso, ila virusi haviondoki, na hilo nalisema bila kuzungusha.

Saa kumi kasoro. Mpenzi wa makanga anafika na kikaratasi. "Lakini mimi siumwi."

Hapo ndipo mimi hukaa sana. Kwa wanawake wengi kisonono na klamidia hunyamaza, huku vikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Baadaye mtu anatafuta mtoto hapati, au mimba inatunga nje ya mfuko. Ukingoja maumivu, umechelewa. Ananisikiliza, anadungwa, anafungiwa vidonge. Kisha hasimami.

"Nipe karatasi nyingine. Kuna mwingine kule Ahero, namjua. Nitampelekea mwenyewe."

Namwandikia. Anaisoma, anafikiri kidogo, anasema niongeze ya pili, kwa sababu huyo wa Ahero naye ana mume.